Jagi la nkambo lenye michoro ya buluu: ni la China au la Uingereza?

Mama Mwalimu (Katuba, Lubumbashi)

Jambo zenu wote. Nina jagi moja mbele yangu mezani na tangu wiki iliyopita silali vizuri kwa ajili yake, ndiyo maana naja kwenu.

Nkambo wangu, baba ya mama, alikuwa mpishi kwa injinia mmoja Mwingereza hapa Lubumbashi, enzi mji ukiitwa Élisabethville. Mwaka 1960 yule mzungu alipofunga mizigo alimwachia vitu vitatu: kitanda cha chuma, saa ya ukuta na hili jagi. Kitanda kiliuzwa tukiwa wadogo, tukalipiwa masomo. Saa iliibwa. Jagi lilikaa juu ya kabati la nkambo mwanamke, limefunikwa kitambaa alichokishona mwenyewe, na lilishuka siku za ndoa na siku za kumaliza matanga tu. Lilitiwa munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi kilichochachuka. Sisi watoto tulikatazwa hata kupita karibu nalo tukikimbia. Mama alipofariki mwaka jana, dada zangu walichukua vitenge na sufuria, mimi nikaomba jagi.

Urefu wake ni kama sentimita 17. Tumbo la mviringo, shingo fupi, kishikio bapa kinachoishia chini kwa umbo la jani. Ni jeupe, lakini weupe wake una ubaridi fulani, si weupe wa maziwa. Michoro yote ni ya buluu: nyumba yenye mapaa mawili yanayopandana, pembe zake zimekunjika kwenda juu, miti mikubwa, maji, daraja lenye watu wawili, na mtu mwingine amesimama mlangoni. Chini ya kitako hakuna herufi hata moja wala namba. Ndani kuna doa la kahawia kama la chai, na mistari midogo midogo kama utando wa buibui.

Jumanne alipita kijana anayenunua vitu vya zamani kwenye kartie yetu. Akaliinua, akaligeuza, akasema ni la China, la kawaida tu, akanitajia dola 25. Nikakataa. Jumatano asubuhi alirudi bila kuitwa, akasema 60. Hapo ndipo niliposhtuka. Mtu anayepandisha bei peke yake amejua kitu nisichokijua.

Mwanangu alitafuta kwenye simu, akaniambia michoro ya Kiingereza ya namna hii lazima iwe na ndege wawili wanaoruka juu. Langu halina ndege, kwa hiyo eti ni la bandia. Je, ni kweli? Na kuna jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko bei. Mwezi wa nane wanakuja kutoa mahari ya binti yangu. Nataka munkoyo utoke ndani ya jagi hili, kama ulivyotoka siku ya kwangu. Naweza?

Ndugu wa Himbi (Goma)

Mama, pole kwa msiba. Mimi si mjuzi, nasema nilichokiona tu. Mama mkubwa wangu alikaa katikati ya mji hapa Goma, na lava ya mlima Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 iliifunika nyumba yake yote. Alitoka na godoro, na watoto, na sahani moja ya buluu ambayo alikuwa amewekea mkate njiani. Sahani hiyo ninayo mimi sasa. Ina daraja lenye watu watatu, mashua, mti wenye matawi yanayoning'inia na hao ndege wawili anaowasema mwanao. Mtu yeyote akiiona anasema China. Lakini ukiigeuza, chini imeandikwa ENGLAND. Kwa hiyo usimwamini mtu anayekuambia ni la China kwa sababu ya picha peke yake.

Mama wa Nguba (Bukavu)

Lile doa la kahawia lisikutese, dada. Loweka jagi kwenye maji ya Javel, yale ya kung'arishia nguo nyeupe, usiku mmoja, asubuhi litakuwa jeupe kama jipya. Vikombe vyangu vyote nafanya hivyo. Na kama ni mimi, kwa dola 60 ningeuza, nikanunua jagi kubwa la kioo kwa ajili ya sherehe.

Mchapaji Mstaafu (Kamalondo, Lubumbashi)

Mama Mwalimu, kabla ya jambo lolote: usitie Javel. Mama wa Nguba anisamehe, najua ameandika kwa roho nzuri, na kwa vikombe vyake vya kauri mpya labda haina neno. Lakini jagi lako, kwa jinsi ulivyolieleza, si kauri, yaani porcelaine. Ni udongo uliochomwa ukafunikwa kwa ngozi nyembamba ya kioo, na chini ya ngozi hiyo udongo unakunywa maji kama tofali. Ile mistari ya buibui ndiyo milango yake. Javel inaingia humo, maji yanakauka, chumvi inabaki, na chumvi ikishakuwa punje inasukuma kioo kutoka ndani. Mwaka 2009 niliosha jagi langu la pili namna hiyo. Nilifurahia weupe wake miezi miwili. Kiangazi kilipokolea, kioo kikaanza kubanduka kama magamba ya samaki, na vipande vya mchoro vikaondoka nacho. Ninalo hadi leo. Siwezi kulitupa, na siwezi kulitazama kwa muda mrefu. Lako lifute kwa kitambaa laini chenye maji safi na sabuni kidogo, ulikaushe taratibu kivulini, na hilo doa uliache. Ni la munkoyo wa nyumbani kwenu.

Sasa jagi lenyewe. Mimi nilikuwa mchapaji miaka 31, hapa hapa mjini, kwanza kwa herufi za risasi, baadaye kwa ofseti. Kilichonivuta kwenye vitu hivi hakikuwa Uingereza wala China. Ilikuwa sokoni. Mama mmoja muuza samaki alikuwa na jagi la buluu la kunyunyizia samaki wake maji. Nilipoinama kuchagua, nikaona karibu na kishikio mchoro haujakutana: mti mmoja unaishia hewani, na ukingo wa maua umekatwa katikati ya ua. Nikasema moyoni, hii ilikuwa karatasi. Hapa hapakuchorwa kwa mkono, pamechapwa. Siku hiyo nilinunua samaki na jagi pamoja, na leo ninayo kumi na moja.

Kwa hiyo na wewe anzia hapo. Keti dirishani mchana, geuza upande wa kishikio ukutazame, fuata ule ukingo wa juu polepole mpaka uone mahali unapogongana na mwanzo wake.

Nieleze kazi ilivyokuwa huko Uingereza zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, maana ukiijua utaliona jagi lako kwa macho mengine. Fundi alichonga mchoro kwenye bamba la shaba, mstari kwa mstari. Bamba lilipashwa moto, likapakwa rangi nzito ya buluu ya kobalti iliyochanganywa na mafuta, kisha likafutwa, rangi ikabaki ndani ya mistari tu. Karatasi nyembamba sana ililazwa juu yake na kupitishwa kwenye mashini ya kubana. Karatasi ilipobanduliwa ikiwa na rangi mbichi, msichana aliikata kwa mkasi, na mwanamke mwenye uzoefu akailaza juu ya chombo kilichokwisha kuchomwa mara moja, akaisugua kwa brashi ngumu mpaka udongo ukanyonya rangi. Karatasi ikaoshwa, mchoro ukabaki. Chombo kilirudishwa kwenye moto mdogo ili mafuta yaungue, kikachovywa kwenye uji wa kioo, kikachomwa mara ya mwisho. Ndiyo maana mchoro wako hauchakai kwa kuoshwa: uko chini ya kioo, si juu yake.

Kwenye sahani kazi hiyo ni nyepesi, karatasi ni bapa na sahani karibu ni bapa. Jagi linatesa. Tumbo linavimba, shingo inaingia ndani, mdomo unachomoza, kishikio kiko njiani. Karatasi haikubali kuvaa mviringo bila mikunjo. Mlazaji anakata, anapachika kipande hapa, anageuza kingine pale, nyumba inafika kwenye kishikio kabla haijaisha. Wakusanyaji wengi wanapenda sahani kwa sababu mchoro unaonekana wote. Mimi nakusanya majagi. Kwenye sahani namwona mchongaji. Kwenye jagi namwona yule mwanamke na mkasi wake, rangi inakauka mikononi, anaamua kwa dakika moja mti uende wapi. Nimefanya kazi ya kupatanisha karatasi maisha yangu yote, najua uamuzi huo unavyobana kifuani.

Kutofautisha na la China si kugumu. Vyombo vya kauri vya buluu vilivyotoka China zama hizo vilichorwa kwa brashi. Kuza kwa kamera ya simu: kama buluu imejengwa kwa mistari myembamba inayokatana, kama kwenye noti ya benki, imechapwa. Kama inatandaa, hapa nzito pale nyepesi, ni brashi. Halafu usiku zima taa, tumbukiza tochi ya simu ndani. Kauri njema inapitisha mwanga kama ganda la yai. Udongo wa Uingereza unabaki giza.

Kisha ligeuze utazame pembe ndani ya ule mduara wa kitako. Uji wa kioo ulipenda kujikusanya hapo. Vyombo vya kwanza vya udongo mweupe wa Uingereza vilikuwa na rangi ya krimu, na pembeni humo kioo kinaonekana cha manjano. Watu walitaka weupe wa China. Wafinyanzi wakatia kobalti kidogo sana kwenye kioo ili kuua umanjano, kama mama zetu walivyotia buluu kwenye maji ya kusuuzia mashati meupe. Mfinyanzi Josiah Wedgwood alianza kuuza vyombo vya namna hiyo mwaka 1779 akaviita vya lulu, na wengine walikuwa tayari kwenye njia hiyo hiyo. Ukikuta buluu hafifu imejikusanya kwenye pembe, uko kwenye familia hiyo. Ule ubaridi wa weupe ulioutaja, mama, ndio ulionifanya nisome ujumbe wako mara tatu.

Kwa nini Waingereza wachape China kwenye udongo wao? Kwa sababu ya chai. Mwaka 1784 serikali yao ilishusha ushuru wa chai kutoka asilimia 119 hadi 12.5, watu wa kawaida wakaanza kunywa, na kila anayekunywa anataka chombo. Kauri ya China ilikuwa ikiletwa kwa shehena kubwa na kampuni yao ya India ya Mashariki, lakini mwaka 1791 kampuni iliacha kuileta kwa wingi. Waliokuwa na seti pungufu hawakuwa na pa kujazia. Hapo jimbo la Staffordshire, katikati ya Uingereza, likaingia. Miji yake ya wafinyanzi, Stoke, Burslem, Hanley na wenzake, ilikuwa na makaa ya mawe chini ya miguu. Udongo mweupe ulitoka mbali kusini, Devon, Dorset na Cornwall, na gumegume lilichomwa na kusagwa ili kuufanya mwili uwe mweupe zaidi, na tangu 1777 mfereji wa Trent na Mersey ulipokamilika mizigo hiyo ilisafiri kwa maji badala ya kuvunjikia kwenye matope. Josiah Spode wa Stoke ndiye anayetajwa kuwa alilifikisha mahali pazuri lile zoezi la kuchapa buluu chini ya kioo kwenye udongo, mwaka 1784 hivi. Michoro yake ya mwanzo ilifuata vyombo vya China moja kwa moja.

Hapa namjibu mwanao. Mchoro wenye ndege wawili ni ule wa mierebi, miti yenye matawi yanayoning'inia, ambao ndugu wa Goma anao. Ulitokea Uingereza karibu na 1790 na ukapendwa kuliko yote, viwanda vingi sana vikaunakili, hadi watu wakadhani ndio pekee. Ile hadithi ya wapenzi wawili waliogeuka ndege ilitungwa Uingereza kwenyewe katika karne ya 19, mchoro ukiwa umeshazeeka. China haina hadithi hiyo. Lakini kando ya mierebi kulikuwa na michoro mingine mingi ya namna ya China, na baadhi yake haina ndege kabisa. Mapaa mawili yanayopandana, wawili darajani, mmoja mlangoni: hayo yanafanana sana na mchoro ambao wakusanyaji wa Uingereza wanauita Two Temples, mahekalu mawili. Spode aliutumia, na wengine pia. Kukosa ndege si kasoro. Hata kukosa jina chini si kasoro, maana majagi mengi ya zama hizo hayakupigwa muhuri wowote.

Ndugu wa Himbi, neno ENGLAND kwenye sahani yako lina maana yake. Tangu 1891 sheria ya ushuru ya Marekani ilitaka vyombo vinavyoingia kwao viandikwe nchi vilikotoka, viwanda vya Uingereza vikaanza kuliweka. Sahani yako ni ya wakati huo au baada yake. Itunze, imepita kwenye moto ambao hakuna tanuri la Stoke linaloujua.

Mama, niruhusu jambo moja la moyoni. Baba yangu alifanya kazi Union Minière, ile kampuni ya migodi. Nimekulia kwenye mji unaochimba shaba na kobalti, na sikujua hata siku moja kobalti inafanya nini ikishatoka hapa. Nilipojua kwamba mchoro wa majagi haya ulichongwa kwenye shaba na ukachapwa kwa kobalti, nilikaa kimya muda mrefu. Si kobalti yetu. Ile ya wakati huo ilitoka hasa Saksonia, Ujerumani, na mji wetu ulianza 1910, mwaka ule ule reli ya kusini ilipofika na mizigo ya Waingereza. Jagi lako lilifika hapa likiwa limeshapita miaka mia. Lakini kila nikiliona jagi la namna hiyo nadhani limerudi nyumbani kwa njia ndefu.

Kuhusu munkoyo, hapana, mama. Kioo cha zamani kimetengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Waliochovya vyombo kwenye uji huo waliugua kwa risasi. Likikaa kavu jagi halimdhuru mtu, lakini munkoyo una uchachu, na uchachu unatoa risasi kwenye kioo, hasa kioo kilichopasuka namna hiyo. Usiwape wageni wako.

Mwisho, ligonge polepole kwa kucha pembeni ukilibeba kwa kiganja. Chombo kizima kinalia. Kikijibu kama ubao, kuna ufa. Na uende kwa kambisti, mbadilisha fedha, yeyote mwenye ile taa ya zambarau ya kukagulia dola, umwombe dakika mbili gizani: gundi na rangi za matengenezo zinang'aa tofauti na udongo wenyewe. Usiuze kabla hujanijibu.

Mama Mwalimu (Katuba, Lubumbashi)

Papa Mchapaji, aksanti sana sana. Nimefanya yote, na nimefanya na wanafunzi wawili wa darasa langu ambao hawakutaka kwenda nyumbani.

Nimeona mahali mchoro unapogongana! Ni chini ya kishikio, kushoto. Mti mmoja umekatwa wima kabisa, nusu yake haipo popote. Juu kwenye ukingo kuna kipande chenye upana wa kidole kimoja kilichowekwa juu chini, maua yanatazama chini wakati wenzake wote wanatazama juu. Miaka yote hiyo nimekaa na jagi hili na sikuwahi kukiona. Sasa macho hayatoki hapo.

Mistari ni ya kukatana kama ulivyosema. Tochi haikupita, giza tupu. Kitakoni pembeni kuna buluu, hafifu, kama maji ya mashati kweli.

Lakini nilipoligonga lilijibu kama ubao. Jana nikaenda kwa kambisti wa pale karibu na stendi, akacheka kidogo kisha akafunga mlango wa kibanda ili kuwe giza. Sehemu ya chini ya kishikio, pale kwenye jani, iling'aa njano na kuzunguka kama pete. Kumbe kishikio kilishavunjika. Nilimpigia simu mama mdogo, ambaye ni mtoto wa mwisho wa nkambo, ana miaka 71. Alinyamaza. Halafu akasema: "Ni mimi." Alikuwa na miaka kumi au kumi na moja, alipanda kiti kulitazama, likamponyoka likaangukia kitanda na kishikio kikagonga chuma. Kaka yake aliyekuwa akitengeneza baisikeli alilibandika usiku huo huo kwa gundi, wakalirudisha chini ya kitambaa. Nkambo alikufa bila kujua. Mama mdogo alilia kwenye simu kama mtoto.

Niambie, je, limeharibika kabisa? Na lina miaka mingapi?

Mama wa Nguba (Bukavu)

Papa, aksanti kwa kunirekebisha, nimejifunza. Nina bakuli moja la mama mkwe lenye mistari hiyo hiyo ya buibui na nilikuwa nalitia Javel kila mwezi. Nimeacha leo. Je, nifanye nini sasa ili lisibanduke?

Mchapaji Mstaafu (Kamalondo, Lubumbashi)

Mama wa Nguba, liweke kwenye beseni la maji safi yasiyo na kitu, ubadilishe maji kila siku kwa wiki moja au zaidi ili chumvi itoke, kisha likauke taratibu, si juani. Hakikisha kwanza halijagundishwa popote, maana gundi ya zamani inaachia majini.

Mama Mwalimu, halikuharibika. Limetengenezwa, na aliyelitengeneza alikuwa kijana mwenye mikono mizuri, kwani limebeba munkoyo wa familia baada ya hapo miaka zaidi ya hamsini. Lakini tangu leo usiliinue tena kwa kishikio. Mkono mmoja chini ya kitako, mwingine tumboni. Gundi hiyo usiibandue, na asiibandue mtu mwingine ila mtu aliyesomea kazi hiyo.

Umri: kwa mwili wa lulu, mistari ya kuchongwa bila vinukta, na mchoro wenyewe, mimi naliweka kati ya 1790 na 1820. Kuelekea mwisho wa kipindi hicho na baada yake wachongaji wengi walichanganya mistari na vinukta ili kupata vivuli laini, na mandhari za Italia na za India zikawa zinaishindania China nafasi. Sitaji kiwanda. Wengi wanapenda kusema Spode kwa kila jagi zuri lisilo na jina, na mimi sipendi tabia hiyo, kwa sababu mafundi wa viwanda vidogo walifanya kazi nzuri nao hawana wa kuwatetea.

Bei nakuambia ukweli. Jagi lenye ufa na kishikio cha gundi, lisilo na jina, halimtajirishi mtu hata huko Uingereza, maana wakusanyaji wanalipa kwa uzima. Yule kijana na dola 60 zake hakuwa anakuibia. Alijua ni la zamani, labda hakujua zaidi. Mimi ningekupa zaidi ya hizo kwa ajili ya kile kipande cha ukingo kilichogeuzwa peke yake. Sikuombi uniuzie. Nasema ili ujue kwamba kipo kitu humo ndani ambacho mtu wa mbali na familia yenu angekitaka.

Ndugu wa Himbi (Goma)

Nimesoma habari ya kipande kilichogeuzwa juu chini, nikaenda kutazama sahani yangu ukingoni. Upande mmoja kuna mahali ukingo umepandana juu ya mwenzake, upana wa punje ya mchele. Nimemwonyesha mama mkubwa. Anasema alikuwa akidhani ni mkwaruzo wa safari ile.

Mama Mwalimu (Katuba, Lubumbashi)

Papa, tumekaa na mama mdogo tukaamua. Munkoyo utakuwa kwenye kibuyu, kama nkambo mwanamke alivyofanya kwao kabla ya kuja mjini. Jagi litatoka mbele, tupu, na atakayelibeba ni mama mdogo mwenyewe, mikono miwili, mmoja chini na mmoja tumboni. Ameomba hilo. Amesema atawaambia watu wote pale pale nani alivunja kishikio, na binti yangu anataka amwambie kwanza yeye peke yake, usiku wa kuamkia siku hiyo.

Yule kijana amepita tena leo. Nimemwonyesha pale mti ulipokatwa. Alipiga magoti kutazama, hakutaja bei tena, aliniuliza nimejifunzia wapi.

Kamalondo si mbali na kwetu. Kama huna kazi Jumamosi, nakuja nalo ulione. Nitalifunga kwenye kitambaa cha nkambo.

Mchapaji Mstaafu (Kamalondo, Lubumbashi)

Karibu sana, mama. Njoo asubuhi kabla ya saa nne, mwanga wa dirisha langu unakuwa mzuri wakati huo. Mlete na mama mdogo. Nitatoa mezani lile la muuza samaki, tuyaweke mawili pamoja, kishikio kwa kishikio.